Ukizuiwa Kuwinda Kwenye Ardhi ya Umma Marekani: Mwongozo Kamili, Kabla, Wakati na Baada ya Mzozo

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi Oktoba, kusini mwa Wyoming. Nilishaegesha gari, nikabeba mkoba, nikatembea kama dakika kumi, mara pikapu ikatokea nyuma yangu imewasha taa kubwa. Mzee mmoja akashuka bila kuzima injini. "Huku hakuna kuwinda. Hii ni ranchi yangu." Nilikuwa na uhakika nimesimama kwenye ardhi ya umma, na kweli nilikuwa nimesimama kwenye ardhi ya umma. Lakini simu ilibakiwa na chaji asilimia 9, ramani ya karatasi niliiacha nyumbani mezani, na nilichokuwa nacho cha kumwonyesha ni mdomo wangu tu. Nikaondoka. Wiki mbili baadaye, nikiwa dirishani kwenye ofisi ya kaunti, ndipo nilipoelewa: ardhi ni ya umma, ila barabara niliyopita na gari ilikata kona ya shamba lake kwa mita kama mia mbili. Sote wawili tulikuwa na haki, na sote wawili tulikuwa tumekosea.

Tangu siku ile naamini jambo moja. Mzozo wa ardhi ya umma humalizwa mezani kabla ya msimu, au ofisini baada yake. Pale porini, mbele ya mtu aliyepandisha hasira na bunduki iko begani, una kazi moja: uondoke mzima, ukiwa na ushahidi.

Hatua ya kwanza: ijue ardhi, kisha ijue njia ya kuifikia

Ardhi ya umma si kitu kimoja. Idara ya shirikisho inayoitwa BLM inasimamia ekari zipatazo milioni 245, nyingi zikiwa majimbo ya magharibi, na Idara ya Misitu ina ekari kama milioni 193. Sehemu kubwa ya hizo iko wazi kwa mwindaji mwenye leseni. Hifadhi za taifa nyingi zimefungwa kwa uwindaji. Hifadhi za wanyamapori za shirikisho nyingine ziko wazi na nyingine zimefungwa, na hata zilizo wazi zina masharti yake, kwa hiyo soma karatasi ya hifadhi husika.

Penye mtego zaidi ni ardhi za udhamini za majimbo, zile zilizotengwa zamani ili mapato yake yasomeshe watoto. Kwenye ramani zina rangi yake, na mgeni hudhani ni za umma kama zile za shirikisho. Wyoming unaruhusiwa kuwinda humo mradi uwe na njia halali ya kufika na usiguse mashamba yaliyolimwa. Colorado ni kinyume: ardhi hizo zimefungwa isipokuwa zile ambazo jimbo limezikodi kwa ajili ya wawindaji. Ukivuka mpaka wa majimbo na mazoea ya ulikotoka, utapewa tiketi ya faini huku ukiapa kwamba hukukosa.

Kwenye ramani za kawaida za BLM, njano ni BLM, kijani ni Msitu wa Taifa, buluu ni ardhi ya jimbo na nyeupe ni ya mtu binafsi. Zikariri rangi hizo. Halafu fanya kile ambacho wengi hawafanyi: weka kidole kwenye barabara unayotaka kupita na uifuate kutoka lami hadi utakapoegesha. Kila inapopita kwenye nyeupe, jiulize ni barabara ya kaunti, ni barabara yenye haki ya kupita iliyoandikwa, au ni njia tu iliyochimbwa na magari ya mwenye shamba. Ramani ya simu haitakujibu hilo. Barabara inaweza kuonekana ndani yake na ikawa ya mtu.

Majibu yako sehemu tatu. Idara ya barabara ya kaunti ina orodha ya barabara inazozitunza. Ofisi ya misitu ya wilaya hutoa ramani ya magari, inayoonyesha njia zilizo wazi kwa gari na miezi yake. Na msajili wa kaunti ana hati zenyewe. Piga simu Julai au Agosti. Septemba simu hazipokelewi, na wewe mwenyewe utakuwa na haraka. Mwombe afisa akujibu kwa barua pepe, hata kama ni sentensi moja: "Barabara fulani ni ya umma hadi lango la mfugo." Chapisha sentensi hiyo na uiweke kwenye gari.

Usiiamini nukta ya buluu ya simu yako kuliko inavyostahili. Chini ya anga wazi, GPS ya simu hukosea kwa mita karibu 5. Bondeni au chini ya misonobari hukosea zaidi. Na mstari wa mpaka kwenye programu nao umechorwa na mtu kutoka kwenye rekodi ambazo zinaweza kupishana na ardhi ilivyo. Mimi hujiwekea mita 50 za tahadhari kutoka kwenye mstari wowote wa ardhi nyeupe, na sijawahi kujuta. Ukitaka mpaka wenyewe, tafuta alama ya wapimaji. Ni bomba la chuma limechomoza kidogo juu ya majani, na kichwani pana kifuniko cha shaba, upana wake kama kiganja. Kimegongwa namba za seksheni (vipande vya ardhi vya maili moja kwa maili moja) zinazokutana hapo na mwaka wa upimaji. Futa vumbi kwa kidole, ipige picha, lakini usiisogeze. Kuing'oa au kuiharibu alama hiyo ni kosa la jinai kwa sheria ya shirikisho.

Kona, au habari ya ubao wa drafti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ugomvi mwingi wa magharibi ulipozaliwa.

Mwaka 1862 Bunge la Marekani lilianza kuzilipa kampuni za reli kwa ardhi. Zilipewa vipande vya maili moja kwa maili moja kandokando ya reli, kimoja cha kampuni na kinachofuata cha serikali, kama viboksi vya ubao wa drafti. Vya kampuni vikauzwa na kuwa ranchi. Vya serikali vilibaki vya umma, lakini vingi vinagusana na vipande vingine vya umma penye pembe tu. Kampuni ya ramani ya onX imekadiria kuwa ekari milioni 8.3 za umma magharibi zimefungiwa kwa namna hiyo. Swali likawa: je, mtu anaweza kuruka kutoka boksi moja la umma hadi jingine pale kwenye pembe bila kukanyaga ardhi ya mtu, japokuwa mwili wake unapita kwenye hewa ya jirani?

Wawindaji kutoka Missouri walifanya hivyo kwenye mlima Elk Mountain, kaunti ya Carbon, Wyoming, mwaka 2020 na 2021. Mwaka wa kwanza walikuta nguzo mbili za chuma zimefungwa mnyororo juu ya kona, wakashika nguzo na kuzungusha miguu upande wa pili. Mwaka uliofuata walikuja na ngazi ya chuma. Walishtakiwa kwa kuingia ardhi ya watu, na mwaka 2022 baraza la waamuzi likawaachia huru. Mwenye ranchi akafungua kesi ya madai akitaka fidia ya zaidi ya dola milioni 7. Jaji wa shirikisho alimkatalia mwaka 2023. Machi 2025 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa 10 ikakubaliana na jaji, ikitegemea sheria ya mwaka 1885 inayokataza kuzingira ardhi ya umma. Oktoba 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufani, na hukumu ikabaki.

Kwa mwindaji maana yake ni hii. Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas na Oklahoma ziko chini ya mahakama hiyo ya rufani. Montana na Idaho haziko, na idara ya wanyamapori ya Montana imeendelea kusema kwamba kuvuka kona huko hakuruhusiwi. Hata ndani ya majimbo yale sita, hukumu inamlinda anayevuka bila kugusa ardhi ya mtu wala kuharibu mali yake. Ukikosea hatua mbili ukakanyaga ardhi yake, hukumu haikulindi. Kwa hiyo usivuke kwa kutegemea simu. Vuka pale tu ulipoiona alama ya shaba kwa macho yako, mchana, na upige picha ya miguu yako kabla na baada ya kuvuka. Kama alama huioni, tafuta njia nyingine.

Hatua ya pili: soma sheria tatu za jimbo unalokwenda

Ya kwanza ni ya mabango. Usidhani kwamba pasipo bango pana ruhusa. Montana, kwa mfano, unatakiwa kuwa na ruhusa ya mwenye ardhi binafsi kabla ya kuwinda, bango liwepo lisiwepo. Majimbo mengine rangi ndiyo bango: zambarau kwenye miti na nguzo huko Texas na Missouri, na rangi ya chungwa huko Montana. Ukiona mistari ya rangi imepakwa kwenye magogo, umefika mwisho.

Ya pili ni ya mnyama aliyejeruhiwa aliyevuka mpaka. Sehemu nyingi huruhusiwi kumfuata bila ruhusa ya mwenye ardhi, hata kama unamwona ameanguka hatua thelathini mbele yako. Inauma, najua. Simama kwenye mstari, weka alama ya mahali ulipomwona mara ya mwisho, umpigie mwenye shamba, na asipopatikana mpigie askari wa wanyamapori. Askari wengi watampigia simu jirani kwa niaba yako, na jirani akiombwa na askari husikia tofauti.

Ya tatu ni ya kukulinda wewe. Majimbo yote 50 yana sheria inayokataza kumwingilia kwa makusudi mtu anayewinda kihalali: kumfukuzia wanyama, kupiga honi, kumziba njia. Kwenye ardhi ya shirikisho ipo pia sheria ya mwaka 1994 yenye faini zake. Na ile sheria ya 1885 inataja wazi nguvu, vitisho na uzio kama njia haramu za kumzuia mtu kupita kwa amani kwenye ardhi ya umma. Zijue ili umweleze afisa baadaye. Kumsomea vifungu mtu aliyekasirika ni kumwagia petroli motoni.

Hatua ya tatu: mkoba, na mlango wa jirani

Beba ramani ya karatasi ya eneo lako. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka kwenye mtandao, na uweke chaji ya akiba ndani ya nguo isipoe, maana baridi hula betri. Leseni na kibali cha mnyama viwe mfukoni, visibaki garini. Namba ya askari wa wanyamapori wa eneo na ya ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, ziandike kwenye karatasi. Kama unakwenda pasipo mtandao, kifaa cha ujumbe wa setilaiti kina thamani kuliko darubini ya pili. Mtu mmoja nyumbani ajue umeegesha wapi na unatoka kwa njia gani.

Halafu mtembelee jirani. Kiangazi, mchana, bila nguo za kuwindia wala bunduki garini. Mwambie: "Nitawinda kwenye ardhi ya BLM upande wa magharibi wa uzio wako. Nataka tu ulijue gari langu, na uniambie kama kuna lango ambalo hutaki liguswe." Humwombi ruhusa ya kwenda kwenye ardhi ya umma. Unamheshimu mtu aliyekesha miaka na wawindaji wanaoacha malango wazi na ng'ombe kupotea. Wafugaji wengi niliowafikia hivyo wamenipa namba zao za simu. Lango, kwa njia, liache ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi.

Hatua ya nne: uso kwa uso

Mambo huanza na bunduki, kabla hata ya neno. Ukiona mtu anakuja kwa kasi au kwa sauti, geuza mtutu mbali naye, toa risasi chemba, kisha ining'inize begani kwa mkanda. Fanya polepole, na useme unachofanya: "Naitoa risasi, kisha naiweka begani." Mkono usirudi tena kwenye bunduki mpaka mtu huyo aondoke. Kuishika mbele ya mtu unayebishana naye, hata bila kumwelekezea, kunaweza kuwa kosa la kutishia kwa silaha, na kesi nzima ikageuka. Uliyeonewa ukawa mshtakiwa. Kama ni upinde, rudisha mshale kwenye podo.

Simama mbali, mita tano au sita. Ondoa miwani ya jua, mikono ionekane, na simama kwa pembe kidogo badala ya kumkabili kifua kwa kifua. Salamu iwe ya kwanza: "Habari za asubuhi, bwana. Kuna tatizo?" Kisha mwache aongee. Mtu mwenye hasira akiongea dakika mbili bila kukatizwa huishiwa pumzi. Nimeliona hili mara nyingi.

Akinyamaza, sema sentensi fupi moja na uirudie ikibidi: "Kwa ninavyoona kwenye ramani, tuko kwenye ardhi ya umma. Naweza kukuonyesha, au tumpigie askari wa wanyamapori atuamulie." Hapo utakuwa umesema msimamo wako na kumpa njia ya kutoka bila aibu. Akitaka kuona ramani, iweke chini au kwenye boneti ya gari, urudi nyuma, aisome mwenyewe. Usimsogezee simu usoni.

Usimtukane, usimwambie hajui sheria, usiguse gari lake. Na kama amesema jambo ambalo huna hakika nalo, mkubalie kwamba huna hakika. "Inawezekana barabara hii ni yako. Naondoka, nitauliza kaunti." Kama kweli umekosea mpaka, omba radhi, uliza utoke upande gani na ufuate. Wengi husamehe pale pale.

Akikuambia uondoke na anazidi kupanda, ondoka, hata kama haki yote ni yako. Elki, wale kulungu wakubwa, watakuwepo kesho. Tembea bila kukimbia, usimpe mgongo mpaka umefika mbali. Akiwa ameziba gari lako au amekuonyesha silaha, hapo si mzozo wa ardhi tena. Piga 911, namba ya dharura, au bonyeza kitufe cha dharura cha kifaa chako cha setilaiti, kaa nyuma ya kitu kigumu, usijaribu kulisukuma gari lake.

Kuna watu wengine utakaokutana nao. Mwongozaji wa wawindaji wa kulipwa anaweza kukuambia bonde hilo ni lake. Kibali chake kinamruhusu kufanya biashara kwenye ardhi ya shirikisho, hakimpi bonde. Mkodishaji wa malisho vivyo hivyo: anakodi nyasi kwa ajili ya ng'ombe wake, na nyasi hizo hazimfanyi mwenye ardhi. Mpinga uwindaji anayekufuata akipiga kelele usibishane naye hata neno. Kaa chini, rekodi, subiri achoke, hamia kwingine.

Na mwindaji mwenzako? Huyo ndiye utakayekutana naye mara nyingi kuliko wote. Amefunga dungu lake juu ya mti tangu Agosti, wewe umefika usiku wa manane, naye amekuja alfajiri. Dungu lililoachwa kwenye ardhi ya umma kwa kawaida halimpi mtu haki ya mahali, lakini kukaa juu ya dungu la mtu ni kutafuta balaa. Ukikuta gari limeegeshwa mwanzo wa njia, nenda kwenye mpango wako wa pili. Mkikutana gizani, ulizaneni: "Unaelekea wapi? Basi mimi nitachukua mgongo wa kusini." Hilo ni jambo la usalama kabla ya kuwa la adabu, kwa sababu sasa kila mmoja anajua risasi isielekee wapi.

Hatua ya tano: ushahidi, saa ile ile

Ukishafika mahali salama, kaa chini uandike. Saa, tarehe, alama za mahali kutoka GPS, namba ya gari, rangi yake, mtu alivyovaa, na maneno yake kama alivyoyasema, hata matusi. Maneno hubadilika kichwani ndani ya siku moja. Piga picha ya bango, kufuli au mnyororo, moja ya karibu na moja inayoonyesha mazingira, pamoja na skrini ya ramani inayoonyesha umesimama wapi. Mabango ya "Usiingie" yaliyopigiliwa ndani ya ardhi ya umma ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Usiling'oe. Liripoti.

Ukirekodi video, mwambie mtu kwa sauti kwamba unarekodi. Majimbo mengi yanaruhusu anayeshiriki mazungumzo kurekodi, lakini mengine yanataka kila upande ujue, na kumtaarifu kunakuepusha na shida hiyo. Shika simu kifuani. Na video hiyo usiitupe kwenye mitandao usiku huo huo. Ukiichapisha, wakili wa upande wa pili ataisoma kila neno uliloandika juu yake.

Hatua ya sita: peleka panapohusika

Kuingiliwa katika uwindaji ni kwa askari wa wanyamapori wa jimbo. Vitisho, silaha na madai kwamba umeingia shamba la mtu ni kwa sherifu. Lango lililofungwa au bango la uongo kwenye ardhi ya shirikisho ni kwa ofisi ya BLM au ya misitu ya wilaya, ambazo zina maafisa wao wa sheria. Barabara ya kaunti iliyowekwa kufuli ni kwa kaunti. Omba namba ya ripoti kila unapopiga, na ufuatilie baada ya wiki mbili kwa maandishi.

Ikiwa wewe ndiye uliyeandikiwa tiketi, ipokee kwa upole. Kesi haiamuliwi kando ya gari. Mpe afisa leseni yako, usijieleze sana, na utafute wakili wa kaunti hiyo kabla ya tarehe ya mahakama. Usilipe faini kwa haraka ili iishe, maana kulipa mara nyingi huhesabiwa ni kukiri, na kukiri kunaweza kugusa leseni yako ya kuwinda hata katika majimbo mengine.

Kwa ule mzozo wangu wa Wyoming, karani wa kaunti alinifungulia ramani ya zamani akanionyesha barabara nyingine, ya kaunti, inayoishia upande wa kaskazini. Ni kilomita nne za kutembea zaidi. Agosti iliyofuata nilimpelekea yule mzee nakala ya ramani ile, tukaiangalia pamoja juu ya boneti ya pikapu yake. Oktoba niliegesha kaskazini, nikapanda gizani, na kulipopambazuka nikaiona pikapu ikipita chini polepole kando ya uzio. Haikusimama.